UZI: Kutembelea viwanda vidogo vya bia Minnesota kwenye baridi ya −30, na fanesi unayoiacha nyumbani

Kimea_na_Hopsi (mwanzisha uzi)

Wakuu, kila Januari yanarudi maswali mawili: kiwanda gani cha bia kinafaa kutembelewa, na mbona nyumba ilikuwa imepoa niliporudi. Nayaweka kwenye uzi mmoja kwa sababu hutokea siku moja. Mtu anafunga mlango saa sita mchana, anapitia viwanda vitatu, anarudi saa tatu usiku. Fanesi (mashine ya gesi inayopasha nyumba joto) ikigoma nusu saa baada ya yeye kutoka, jioni nzima inatosha bomba la jikoni lililopita kwenye ukuta wa nje kuganda na kupasuka.

Kuna wanaosema tanuru, kuna wanaosema hita. Hapa tuseme fanesi, ndiyo utakayoulizwa dukani ukienda kutafuta kipuri.

Kwa wageni wa jimbo hili: tarehe 30 Januari 2019 uwanja wa ndege wa Minneapolis ulifika −33°C. Rekodi ya jimbo ni −51°C, Tower, 2 Februari 1996. Kwenye −29°C yenye upepo wa kilomita 24 kwa saa, ngozi iliyo wazi huganda ndani ya dakika 10. Pombe hupanua mishipa ya damu ya ngozini, hivyo unajisikia umepata joto huku mwili unalipoteza. Usipange mzunguko wa kutembea kwa miguu kama wa Julai.

Njia rahisi bila gari: treni ya Green Line, shuka Prospect Park, kiwanda cha Surly kiko hatua chache. Hao ndio waliobadilisha mambo hapa. Kabla ya sheria ya 2011, kiwanda kilikuwa hakiruhusiwi kukuuzia glasi nzima ya bia palepale kinapotengenezwa. Mwanzilishi wao Omar Ansari aliisukuma sheria hiyo, wenyeji wakaiita kwa jina la kiwanda, na jengo lao kubwa likafunguliwa mwishoni mwa 2014. Upande wa kaskazini-mashariki ya Minneapolis mna Indeed (2012) na Bauhaus Brew Labs (2014), jirani jirani. St. Paul ni Summit, kongwe la kizazi hiki, lilianzishwa na Mark Stutrud mwaka 1986. Ukiwa na gari na barabara ni safi, nenda New Ulm, karibu kilomita 150 kusini-magharibi, ukaone Schell's la mwaka 1860. Saa za kufungua ziangalie asubuhi ya siku hiyohiyo, maana baridi ikizidi wengi hufunga mapema.

Agiza sahani ya glasi ndogo nne badala ya glasi kubwa, anza na bia nyepesi, malizia nyeusi na zenye kilevi kikali. Kikomo cha kuendesha gari ni asilimia 0.08 ya kilevi kwenye damu, na dereva asiyekunywa apangwe kabla ya kutoka nyumbani, si mkishafika kiwanda cha tatu.

Mafundi karibuni.

---

FundiJoto

Kabla ya kutoka, dakika kumi zinatosha. Filta kwanza. Ichomoe, iinue kuelekea taa. Usipoona mwanga ukipenya, badilisha. Mshale ulio kwenye fremu uelekee fanesi. Vipimo vimeandikwa pembeni (16x25x1 na 20x25x1 ndivyo vinavyopatikana sana). Kwa filta nyembamba ya inchi moja usinunue MERV 13 (MERV ni kipimo cha uwezo wa filta kuchuja) kwa kudhani ghali ndiyo bora. Inabana hewa, kibadilisha joto kinapata moto kupita kiasi, swichi ya joto inakata gesi, na wewe unaona fanesi inawaka na kuzima kila baada ya dakika chache. MERV 8 inatosha.

Kisha toka nje uangalie mabomba mawili meupe ya plastiki ubavuni mwa nyumba. Moja linavuta hewa, lingine linatoa moshi. Moshi wa fanesi hizi zenye ufanisi wa asilimia 90 na zaidi umejaa mvuke, na kwenye −30 mvuke huo hugeuka barafu mdomoni mwa bomba. Theluji ikirundikana mbele yake, au barafu ikining'inia hadi kwenye bomba la kuvuta hewa, kazi imekwisha. Ondoa kwa mkono au kwa maji ya vuguvugu. Usigonge kwa nyundo, plastiki kwenye baridi hii inavunjika kama kigae.

Ukirudi ndani, betri za themostati. Nyingi hutumia AA mbili na watu huita fundi usiku wa Jumapili kwa ajili ya betri.

Halafu angalia swichi iliyo ukutani karibu na fanesi, inayofanana kabisa na ya taa. Mtoto au mgeni akiizima kwa kudhani ni taa ya besimenti, nyumba haina joto. Ibandike karatasi.

Themostati usiishushe sana ukitoka. Nitaeleza sababu nikiulizwa, maana najua nitaulizwa.

---

Wa_Trans_Nzoia

Nakuuliza hapo hapo buda. Kampuni za gesi zinasema shusha ukitoka uokoe pesa. Na ya pili: fanesi inakimbia bila kusimama tangu asubuhi na themostati imewekwa 70 (za Fahrenheit) lakini nyumba iko 67. Imekufa?

---

FundiJoto

Haijakufa, imefika kikomo chake. Hesabu ni hii. Nyumba hupoteza joto kulingana na tofauti ya ndani na nje. Mafundi wa Minneapolis hupima fanesi kwa nje kuwa karibu −24°C. Ndani 20, tofauti ni 44. Siku ya −33 tofauti inakuwa 53, yaani mzigo umeongezeka kwa asilimia 20. Fanesi iliyopimwa barabara bila akiba yoyote ingeweza kushikilia nyuzi 11 tu ndani. Nyingi zina akiba, ndiyo maana wewe umeshuka digrii tatu za Fahrenheit badala ya kumi na sita. Kukimbia mfululizo hakuiui. Kinachoichosha ni kuwaka na kuzima kila mara.

Hapo ndipo jibu la swali la kwanza lilipo. Kushusha kunaokoa pesa siku ya −5, kwa sababu fanesi ina nguvu ya ziada ya kurudisha joto jioni. Kwenye −30 nguvu hiyo haipo. Ukishusha kutoka 68 hadi 58, ukirudi itachukua usiku mzima kupanda, na katikati hapo mabomba ya ukutani yanaweza kuganda. Shusha digrii mbili tatu, basi. Na nyumba usiiache chini ya 55 (13°C) kwa hali yoyote.

---

Wa_Trans_Nzoia

Shukran. Kuna dalili nyingine naona wengi wanaiuliza: inawaka vizuri, moto unaonekana, sekunde nne tano inazima. Inajaribu tena, mara tatu, halafu kimya. Ukizima stima na kuwasha inaanza upya mchezo uleule.

---

FundiJoto

Hiyo ni kihisi cha mwali, asilimia kubwa. Lakini tuelewe kwanza mfuatano, maana ukiujua huwezi kudanganywa.

Themostati inaomba joto. Feni ndogo ya kuvuta moshi inaanza, unaisikia ikivuma. Mvuto wake unafunga swichi ya presha kupitia kampira kembamba. Swichi ikifunga, kiwashio kinapata umeme na kuwa chekundu, kisha cheupe. Vali ya gesi inafunguka na moto unapita kutoka kichomeo cha kwanza hadi cha mwisho. Kihisi cha mwali, kijiti cha chuma kilichosimama ndani ya moto wa kichomeo cha mwisho, kinaiambia bodi (kadi ya umeme inayoiongoza fanesi) "moto upo". Nusu dakika hadi dakika moja baadaye blowa kubwa inaanza kusukuma hewa ya moto vyumbani.

Kila hatua ikikwama ina dalili yake. Haivumi kabisa: umeme, swichi ya mlango wa fanesi, au themostati. Inavuma lakini kiwashio hakipati wekundu: swichi ya presha, yaani bomba lililoziba au maji. Kiwashio chekundu lakini hakuna moto: gesi imefungwa au vali. Moto unakuja na kufa baada ya sekunde chache: kihisi. Moto unadumu dakika kadhaa kisha unakatika huku blowa inaendelea: joto limezidi, rudi kwenye filta na matundu ya hewa uliyoyaziba kwa makochi.

Kihisi hufanya kazi kwa mkondo mdogo mno wa umeme unaopita ndani ya mwali wenyewe, kati ya maikroampea 2 na 5 kikiwa safi. Ukishuka chini ya 1, bodi nyingi hazikiamini tena. Kinachokichafua ni utando mwembamba ambao hata kwa macho huuoni vizuri.

Kukisafisha: zima swichi ya ukutani, funga gesi kwenye vali ya njano au nyekundu iliyo bombani (mkono wake ukikingama na bomba, imefungwa). Fungua mlango. Kihisi kimeshikwa na skrubu moja ya robo inchi, kina waya mmoja tu. Kiwashio kina mbili, usivichanganye. Chomoa, kisugue taratibu kwa stilwaya laini ya sufuria mpaka chuma king'ae, kifute kwa karatasi kavu. Msasa mkali unaacha mikwaruzo inayokusanya uchafu upesi zaidi. Ile kauri nyeupe chini yake usiibane kwa nguvu, ikipata ufa unanunua kipya. Kirudishe kilivyokuwa, fungua gesi, washa.

Kiwashio chenyewe usikiguse kwa vidole. Mafuta ya ngozi huacha doa linalopata moto kupita sehemu nyingine na kinapasuka hapo.

Taa ndogo kwenye bodi inamulika kwa hesabu. Maana yake imebandikwa upande wa ndani wa mlango, na kila mtengenezaji ana hesabu yake, kwa hiyo usichukue ya jirani. Ihesabu kabla ya kuzima umeme, kwenye bodi nyingi ukizima kumbukumbu inafutika.

---

MamaNuru_StPaul

Na ile ya kugugumia? Feni ndogo inavuma, ndani kama mtu anasukutua mdomo, haiwaki.

---

FundiJoto

Maji yamerudi ndani, dada. Fanesi ya aina hii ikikimbia mfululizo hutoa lita moja hadi mbili na ushee za maji kwa saa kutoka kwenye moshi, na yana asidi kidogo. Yanapita kwenye mtego wa maji halafu mpira hadi shimo la sakafuni. Mpira ukipita kwenye gereji isiyo na joto, au ukitolewa nje kupitia ukutani, unaganda. Maji yanapanda, yanaziba mvuto, swichi ya presha inakataa. Inafanya kazi yake, usiiunganishe waya kuipita. Atakayekuonyesha ujanja huo anakuwekea moshi chumbani.

Zima. Weka ndoo. Chomoa mpira wa chini ya mtego, maji yatamwagika. Osha mtego kwa maji ya vuguvugu mpaka yatoke safi, mara nyingi mna ute mweusi au chembe za plastiki za tangu fanesi ilipofungwa. Kabla ya kuurudisha, UJAZE MAJI. Mtego mkavu unavuta hewa na kutema moshi. Kampira kembamba ka swichi ya presha nako kachomoe upande wa swichi, kapulize kuondoa matone. Usipulize kuelekea kwenye swichi, utapasua utando wake.

Ukirudisha, mpira ushuke sentimita mbili kwa kila mita, bila tumbo katikati. Penye tumbo ndipo barafu huanzia.

---

Mgema_wa_Mjini

FundiJoto umemaliza, naingia upande wa bia, ingawa ni fizikia ileile.

Wakuu mkitembelea kiwanda msiishie kwenye kaunta. Januari ndio mwezi mzuri wa kuuliza maswali, hakuna umati. Muulize anayetembeza wageni maji yanaingia na nyuzi ngapi. Maji ya kimea (fikirieni togwa kabla haijachachuka) yanatoka kwenye chungu yakichemka na lazima yashuke haraka hadi 18–20 kwa bia za eli, karibu 10 kwa laga, ndipo hamira iwekwe. Yanapita kwenye sahani za chuma, upande wa pili maji baridi. Minneapolis huchota maji Mto Mississippi, kwa hiyo msimu huu yanafika bombani baridi sana na kazi ya kupoza inakwisha kwa maji machache. Agosti mtu huyohuyo anahangaika. Maji yaliyopokea joto hayamwagwi, yanahifadhiwa kwa upishi unaofuata, maana kimea kinalowekwa kwenye nyuzi 65 hadi 67 kwa muda wa saa moja na mtu anahitaji maji ya moto mengi asubuhi.

Halafu muulize glaikoli. Yale matangi marefu yanayong'aa yamevishwa koti, na ndani ya koti huzunguka maji yaliyochanganywa na propilini glaikoli ili yashuke chini ya sifuri bila kuganda. Kwa kazi ya ndani mchanganyiko wa asilimia 30 hadi 35 unatosha, mashine imewekwa kama −3°C. Tabu ni mashine ikikaa nje ya jengo. Asilimia 30 huanza kuganda karibu −13, asilimia 40 karibu −21, asilimia 50 karibu −33. Mkiona namba hiyo ya mwisho, ndiyo ile ya 30 Januari 2019. Mtengeneza bia aliyeongeza maji wakati wa kiangazi bila kupima huambulia uji wa barafu kwenye pampu.

Mbona wasiweke asilimia 60 wakalala? Inakuwa nzito, pampu inachoka, na inabeba joto kidogo.

---

Hydro_Duluth

Hapo kwa Mgema niongeze kwa wenye boila za maji moto badala ya fanesi. Mfumo wenu nao unaweza kuwekwa propilini glaikoli, yenye dawa ya kuzuia kutu ya boila. Ile ya kijani ya gari kwa kawaida ni ethilini, ni sumu, isiingie nyumbani. Pimeni kwa rifraktomita (kifaa cha kupima ukali wa mchanganyiko) kila Oktoba. Redieta ikiwa baridi juu na moto chini, kuna hewa: weka kitambaa, fungua kibanio cha juu kwa ufunguo wake nusu mzunguko mpaka yatoke maji badala ya mluzi, funga. Kisha angalia geji ya boila. Nyumba ya ghorofa mbili hutaka presha ya kati ya psi 12 na 15 ikiwa baridi.

Wa vijijini wenye tangi la propeni: propeni huchemka −42°C. Nje ikikaribia hapo, presha ndani ya tangi inakaribia kwisha ingawa gesi imo. Tangi likiwa limejaa kidogo ni mbaya zaidi, kwa sababu sehemu iliyolowa ya kuvuta joto ni ndogo. Agizeni kabla halijashuka asilimia 30. Na theluji iliyolifunika tangi ondoeni kwa mkono, hasa juu ya regyuleta. Tochi ya moto, hapana.

---

MamaNuru_StPaul

Wapangaji je? Fanesi iko kwenye chumba kilichofungwa na mwenye nyumba anasema vaa sweta.

---

Kimea_na_Hopsi

Tangu 2024 sheria ya jimbo iko wazi: kama joto linadhibitiwa na mwenye nyumba, lazima litimie 68 (20°C) kuanzia Oktoba 1 hadi Aprili 30, isipokuwa kampuni ya gesi au umeme yenyewe iagize lipunguzwe. Pima kwa kipimajoto katikati ya chumba, mbali na dirisha, piga picha yenye saa, tuma kwa maandishi. Simu haina ushahidi. Mkiwa Minneapolis mjini, piga 311, namba ya huduma za jiji. Kwa wanaolipa gesi wenyewe na deni limekaba, kuna kinga ya kutokatiwa huduma msimu wa baridi, ya tarehe hizo hizo. Haiji yenyewe, unapiga simu na kupatana malipo.

---

FundiJoto

Na wakati unangoja mwenye nyumba: hita ndogo ya umeme ya wati 1500 inakula ampea 12.5, na sakiti nyingi za vyumbani ni 15. Moja kwa kila sakiti, kwenye soketi ya ukutani moja kwa moja, bila ekstensheni, mita moja kutoka kwenye mapazia. Inatoa joto la kama BTU 5,100 kwa saa (BTU ni kizio cha joto). Fanesi ya kawaida ni 60,000 hadi 80,000. Kwa hiyo kusanyikeni chumba kimoja, fungeni mlango.

Jiko la mkaa ndani, HAPANA. Oveni ya gesi ikiwa wazi, hapana. Najua kule kwetu jiko linaingizwa sebuleni Julai ya Makete au Limuru, na hata huko linaua. Nyumba za hapa zimezibwa kila upenyo. Kaboni monoksaidi haina harufu, dalili zake ni kichwa, kichefuchefu na usingizi, ambazo mtu aliyetoka kuonja bia atadhani ni bia. King'ora chake sheria inataka kiwe ndani ya futi 10 kutoka kila chumba cha kulala. Kikilia, toka nje na wote, piga 911 ukiwa nje.

---

Ulezi_Mwekundu

Tunaotengeneza nyumbani hamjatugusa. Kupika galoni tano besimenti msimu huu ni sawa?

---

Mgema_wa_Mjini

Kwenye jiko la umeme, ndiyo. Kichomeo cha propeni ni nje tu, gereji yenye mlango nusu haihesabiwi kuwa nje. Lakini kuna mawili watu hawayafikirii.

Mvuke. Kuchemsha saa moja hupoteza lita tatu nne hewani. Kwenye −29 nyumba inavumilia unyevu wa asilimia 15 hadi 20, zaidi ya hapo madirisha yanatoa jasho, jasho linaganda, na majira ya kuchipua unakuta ukungu kwenye mbao. Washa feni ya kutoa hewa, na usiweke humidifaya siku hiyo.

La pili, klorini. Wengi huosha vyombo kwa dawa ya madoa na kuihifadhi kando ya fanesi. Fanesi inayovuta hewa ya chumbani inaunguza mvuke huo na kupata asidi inayokula kibadilisha joto. Hamisha chupa.

Ndoo ya kuchachushia isikae karibu na fanesi, joto linapanda na kushuka kila inapowaka. Kona ya ndani, juu ya mbao, si juu ya sementi. Besimenti ya nyuzi 14 hadi 16 ni baridi kwa hamira nyingi za eli, funga mkanda wa joto au iache ianze ghorofani siku tatu.

---

Ulezi_Mwekundu

Na mbege?

---

Mgema_wa_Mjini

Mbege (pombe ya ndizi na ulezi) inataka nyuzi 25 hivi. Weka kwenye oveni iliyozimwa, taa yake tu ikiwaka, na ubandike karatasi mlangoni mtu asije akawasha. Ulezi upo maduka ya Wahindi kwa jina la ragi. Uoteshe mwenyewe upate kimea, wa unga haufai. Msesewa, lile gome la mti la kutia uchungu, ndio shida, huku hupati. Hopsi chungu (maua yanayoipa bia uchungu) kidogo sana wanaweka kwa kubahatisha, ladha siyo ile.

---

Wa_Trans_Nzoia

Nimeambiwa New Ulm wanachovya chuma cha moto kwenye bia. Ni kweli au ni mchezo?

---

Kimea_na_Hopsi

Ni kweli, ni Schell's, kwenye sherehe yao ya Bock (bia nzito ya kimea), mwishoni mwa baridi. Fimbo ya chuma inawekwa motoni mpaka iwe nyekundu, inachovywa kwenye bia sekunde moja mbili tatu. Sukari iliyobaki kwenye bia inaungua kidogo kama karameli, povu linakuwa la moto na zito, chini bia bado baridi. Ndilo linalofurahisha: mdomo wa juu joto, wa chini barafu.

Ukijaribu nyumbani tumia bia ya kimea nzito, siyo yenye hopsi nyingi, maana uchungu unakuwa mkali. Acha sentimita nne juu ya kikombe, povu linapanda ghafla. Chuma kiwe tupu, kisiwe cha mabati, zinki yake ikipata moto inatoa moshi wa sumu. Kisiguse kuta za glasi.

---

MamaNuru_StPaul

Bia za kubeba nyumbani zikibaki kwenye gari?

---

Mgema_wa_Mjini

Ya asilimia 5 huanza kuganda kati ya −2 na −3. Maji yakiwa barafu yanatanuka kama asilimia 9, na gesi iliyokuwa imeyeyuka ndani inafukuzwa kwenye barafu, inajazana pale juu. Kopo linavimba chini, chupa inapasuka shingoni. Nunua kwenye kiwanda cha mwisho, siyo cha kwanza. Boksi la barafu la pikiniki linafanya kazi hapa kinyumenyume, linazuia baridi isiingie. Liweke kwenye kiti, siyo buti. Grawla (chupa kubwa ya kubebea bia) ya lita 1.9 iliyojazwa hadi shingoni ndiyo ya kwanza kupasuka.

Kopo lililovimba bila kuvuja liweke kwenye friji lisimame, siku moja, ndani ya bakuli. Likiyeyuka lote ligeuze mara moja taratibu kabla ya kufungua, la sivyo glasi ya kwanza itakuwa kali na ya mwisho maji matupu. Chupa yenye ufa tupa, hata kama bia inaonekana salama.

---

FundiJoto

Nimalizie la aliyenitumia ujumbe pembeni: amerudi, fanesi inafanya kazi, lakini bomba la jikoni halitoi maji. Limeganda, bado halijulikani kama limepasuka. Tafuta vali kuu ya maji kwanza, ujue iko wapi na inafunga. Fungua bomba la sinki, liache wazi. Fungua kabati la chini. Draya ya nywele ianzie karibu na sinki kwenda ukutani, usianzie ukutani, ili maji yanayoyeyuka yapate pa kutokea. Ikiwa hujapata mchirizi baada ya nusu saa hivi, ganda liko ndani ya ukuta: hita ndogo mbele ya kabati, subiri. Ukisikia maji yakitiririka mahali ambapo huoni maji, funga vali kuu na uite fundi bomba.

Ukifanikiwa, usiku huo acha mchirizi mwembamba kama utambi, pande zote mbili, moto na baridi, kabati likiwa wazi.